Rundo Lisilogeuzwa

Siku mjomba wangu alipoinua pembe ya ugoro mbele ya watu na kusema ni kazi ya mikono yake, vidole vyangu vilikuwa bado vyeusi kwa utomvu wa tumbaku. Utomvu ule hautoki kwa sabuni. Unausugua kwa mchanga na ndimu, na bado unakaa kwenye kucha mwezi mzima. Nilivificha vidole chini ya kitenge kama mtu aliyeiba.

Yalikuwa matanga ya kambo. Kwetu kambo ni nyanya, na huyu alikuwa mama wa mama yangu. Alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo wakati wa vita, kabla sijazaliwa, na mbegu za tumbaku alizifunga kwenye pindo la kitenge chake. Mbegu hizo ni ndogo kama vumbi, ukipiga chafya umepoteza shamba. Alipenda kusema kwamba wenzake walivuka na sufuria, yeye alivuka na shamba zima na halikumlemea.

Hapa Kafutuma alipewa kipande cha ardhi kando ya kijito, udongo mweusi ambao haukauki hata jua likiwa kali. Alilima tumbaku hapo mpaka akazeeka. Haikuwa tumbaku ya sigara. Ilikuwa ya wazee, ya kunusa, ya kuweka mbele ya watu wakati wa kilio na wakati wa kupatanisha ndugu. Watu walitoka hata Nchelenge mjini na kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani, kuja kuomba ugoro wake.

Nilipomaliza darasa la saba sikuendelea na shule, nikakaa naye. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka na macho yameingia ukungu. Kwa hiyo miaka mitatu ya mwisho yeye alikuwa pua na mimi nilikuwa mikono.

Nilivunja majani, nikianza na yale ya chini yaliyogeuka rangi na kutoa madoa. Niliyatunga kwa sindano kwenye kamba ya gome, mgongo kwa mgongo na tumbo kwa tumbo ili yasigandane, nikayatundika jikoni juu, mbali na moto. Yalikaa huko mpaka uti wa katikati ukavunjika kama kijiti. Hapo ndipo mtu asiyejua huharibu. Jani likikauka hivyo usiliguse mchana, litageuka unga mkononi mwako. Unazitoa kamba nje alfajiri, upepo wa ziwa unakuja na unyevu wake, na kabla jua halijapanda jani limekuwa laini kama ngozi ya sikio. Hilo ndilo neno la kambo. Alishika jani, kisha alishika sikio lake, na vikifanana alisema, "Sasa."

Baada ya hapo ni rundo. Unapanga majani, unafunika kwa majani ya mgomba, unaweka mawe juu. Tumbaku inajipika yenyewe humo ndani, bila moto. Kila siku ya tatu unafungua, unaingiza mkono katikati, na ukiona joto linakaribia kuchoma unaligeuza rundo lote, ya ndani yanakuja nje na ya nje yanaingia ndani. Kambo aliinamisha kichwa juu ya rundo na kunusa. Kwanza hunuka majani mabichi, halafu mkojo, halafu kitu kama asali ya zamani. Ile ya mkojo isipopita, rundo limekufa.

"Ile inanuka mukojo, ni kama mutoto," aliniambia. "Umugeuze, umusafishe, atakomaa. Ukimuacha atabakia mutoto wa mukojo tu."

Rundo la mwisho tulilogeuza pamoja lilikuwa zuri kuliko yote. Alikuwa ameshajua anaondoka. Alisema, "Hii ni ya matanga yangu. Utaitwala, utaibeba wewe mwenyewe mbele ya batu. Usiogope, mama, haitakuomba maneno."

Basi nikasaga ugoro, nikajaza pembe. Majani yaliyobaki niliyasokota kuwa msokoto mmoja mnene, nikaufunga kwa gome na jani la mgomba, nikautundika juu kabisa kwenye masizi ya jikoni. Wiki mbili baadaye kambo alifariki. Na siku ya matanga mjomba aliichukua ile pembe kutoka jikoni kabla sijaifikia, akaenda nayo mbele ya wazee.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliishi kisiwani Kilwa miaka mingi akikausha samaki. Alirudi mwaka ule kambo alipougua. Ni mtu wa maneno. Akisema, watu hucheka, na wakishacheka huwa wamekubali.

"Munajua mama alikuwa na mikono ya kutetemeka," aliwaambia. "Ni mimi njo nilitengeneza hii yote."

Mzee mmoja akauliza, "Na huyu binti aliyekuwa anakaa naye?"

"Huyu? Huyu ni wa kubeba maji tu. Hata kinywa, Mungu alisahau kumutoboa."

Wakacheka. Mama yangu aliinama akachomeka mkanda wa kandambili ambao haukuwa umechomoka. Mimi nilisimama mlangoni na maneno yote yakiwa tayari, yamepangwa, na hakuna hata moja lililotoka. Mwenye pua ya kujua ugoro pale alikuwa rafiki wa kambo, bibi mmoja wa Kilwa aliyekuja kwa boti. Alivuta ugoro, akapiga chafya tatu, watu wakapiga makofi. Wakati wa kuaga alinishika mkono, akautazama, akaunusa, akauachia. 

Lazima nieleze kwa nini ile pembe ilikuwa jambo kubwa hivyo. Matanga yana mwisho wake, baada ya mwaka. Siku ya kuyatosha, yaani kuyaondoa, wazee hukaa na kugawa vitu vya marehemu. Ugoro huzunguka kwanza. Aliye mkubwa kuliko wote huvuta, na mpaka apige chafya hakuna anayesema neno, kwa sababu chafya ile ni marehemu amepokea. Baada ya hapo aliyeendeleza kazi ya marehemu hupewa kazi hiyo pamoja na shamba lake. Mjomba hakutaka tumbaku. Alitaka ule udongo mweusi apande kabichi. Alikuwa ameshaniambia, akipita na baiskeli yake, kwamba nianze kutafuta mahali pengine pa kuchezea.

Mwaka mzima nilikaa na jambo lile. Watu husema hasira hupoa. Yangu niliifanya kama kambo alivyonifundisha, niliifunika, nikaweka mawe juu, na kila baada ya siku chache niliifungua na kuigeuza ili isioze. Nilimkumbuka mjomba akisema Mungu alisahau kunitoboa kinywa. Nililikumbuka neno hilo nikipalilia, nikikata vikonyo, nikitoa viwavi mmoja mmoja kwa mkono. Msimu ule majani yalikuwa mapana kuliko kifua changu.

Nilikuwa nimeyatundika yote na yamekauka vizuri mjomba alipokuja. Jua lilikuwa katikati ya kichwa. Aliingia jikoni bila kubisha, akaanza kushusha kamba.

"Matanga ya mama yanakaribia," alisema. "Mwaka huu nitatengeneza ku nyumba kwangu. Batu bananingoja mimi."

Jani la kwanza lilivunjika mkononi mwake, likamwagika chini. Akashusha kamba ya pili. Moyo wangu uliniuma, si kwa ajili yake, kwa ajili ya majani.

"Ba mujomba," nilisema. "Bado, kwanza..."

"Kwanza nini?"

Nilitaka kusema angoje alfajiri. Namwambia ukweli mtu atakayesoma hapa: nilitaka kweli kusema. Neno lilikuwa kwenye meno. Lakini yeye alicheka na kusema, "Funga kinywa, nzi zitaingia."

Nikafunga.

Alizifunga kamba zote kwenye baiskeli. Njia nzima kuanzia kwetu hadi kwake ilikuwa na vipande vya majani, kuku wanavikanyaga. Mama alisimama uani akitazama.

"Ameyabeba yote?"

"Yote."

Hakuwa ameyabeba yote. Ule msokoto wa mwaka uliopita ulikuwa bado juu kwenye masizi, mweusi kama dari lenyewe. Ukitazama ungesema ni kipande cha mti.

Nyumba ya mjomba iko njiani kuelekea kisimani. Sikuhitaji kupeleleza, nilibeba tu maji yangu kama alivyosema ndiyo kazi yangu. Siku ya kwanza nilimkuta amekasirika kwa sababu majani yanavunjika. Akachukua ndoo, akayamwagia maji. Nilisimama na ndoo yangu kichwani nikaona maji yakitiririka kutoka kwenye majani yangu. Tumbaku inayopata maji ya ndoo ni kama maiti anayeoshwa. Inapendeza, lakini hairudi.

Halafu alifanya kitu ambacho ni mtu wa samaki tu angekifanya. Kule Kilwa chisense, wale samaki wadogo wa ziwa, wakishakauka hushindiliwa kwenye gunia, hufunikwa kwa plastiki na kukazwa kwa kamba, na wewe ukilifungua ovyo unaingiza unyevu na wadudu. Samaki asiyefunguliwa ndiye anayedumu. Basi mjomba aliyashindilia majani yaliyolowa maji, akapanda juu yake kwa miguu, akayafunga kwa plastiki nyeusi, akakaza kamba kama mzigo unaokwenda sokoni Mansa. Hakuyafungua tena.

Siku ya nne nilisikia harufu ya mkojo. Siku ya saba ilikuwa bado ya mkojo. Nilipita asubuhi na nilipita jioni, nikavuta pumzi ndefu kila mara, na nitasema wazi kwamba sijawahi kufurahia harufu kama ile. Mbuzi wake walihama upande ule wa nyumba.

Jirani mmoja alimwuliza kama kuna kitu kimekufa huko nyuma. Nilimsikia mjomba akijibu, "Wewe hujue tumbako. Inanuka kwanza, njo inakuwa kali."

Mama naye aliisikia. Jioni moja tulikuwa tunachambua majani ya muhogo, akaniambia bila kuinua macho, "Inaoza ile."

"Inaoza."

"Ni matanga ya mama yangu, mwanangu. Umuambie."

"Alisema nifunge kinywa."

"Alikuwa anacheka."

"Mimi sikucheka."

Akainua macho. Nilidhani atanigombeza. Akarudi kwenye majani yake, akasema, "Kambo yako alikuwa vilevile. Alikataa kusalimia mutu miaka kumi juu ya kuku moja."

Mara tatu nilifika mpaka kwenye ua wa mjomba. Mara ya tatu alikuwa amekaa peke yake anashona shati lake, na alionekana mtu wa kawaida tu, ndugu wa mama. Ningesema, rundo lingefunguliwa, labda nusu ingepona. Aliinua kichwa akaniona. "Bubu," alisema, "maji yako huko mbele." Nikaendelea na safari ya maji.

Siku ya kutosha matanga watu walijaa. Bibi wa Kilwa alikuja tena, safari hii akisaidiwa kushuka kwenye boti na kubebwa kwa baiskeli hadi kwetu. Sasa yeye ndiye alikuwa mkubwa kuliko wote. Mjomba alivaa koti. Ugoro wake ulikuwa mweusi, umesagwa laini. Alikuwa ameukaanga sana kwenye kigae ili kuondoa harufu na kuutia majivu mengi. Kwa macho ulipita. Mimi nilikaa chini pamoja na wanawake, msokoto wangu umefungwa kiunoni ndani ya kitenge. Ulinichoma kama kaa la moto, ingawa ulikuwa wa baridi.

"Kazi ya mikono yangu," mjomba alisema akimpa bibi ile pembe.

Bibi akatia kidogo kwenye ukucha, akavuta. Tukangoja. Kuku mmoja akapita katikati, akafukuzwa. Akavuta tena. Hakuna chafya. Akavuta mara ya tatu, tundu zote mbili, akafumba macho.  

Bibi akafumbua macho. "Mwanangu," alimwambia mjomba, "umenipa tumbako ao umenipa chisense?"

Kicheko kilianzia kwa wazee na kikafika hadi kwa watoto. Mjomba naye akajaribu kucheka. Mzee aliyeniulizia mwaka uliopita akachukua pembe, akanusa, akaipangusa pua yake kwa mkono wa shati.

"Hii imekufa," alisema. "Rundo uligeuza siku ngapi?"

"Tumbako haigeuzwe," mjomba akajibu. "Ukiifungua inaharibika."

Hapo hawakucheka tena. Walitazamana. Mzee akasema polepole, "Na ile ya mwaka jana, ya mikono yako, hukuigeuza vilevile?"

Mjomba alitazama huku na huku. Sijui alikuwa anamtafuta nani. Labda alikuwa ananitafuta mimi, mtu pekee pale ambaye angeweza kumjibia. Ningeweza kusimama wakati ule. Msokoto wa kambo ulikuwa kiunoni, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba marehemu amekataa, na mama alikuwa analia. Sikusimama. Nilimwacha atafute. Nilimwacha afungue koti, afunge koti, aseme mambo ya jua na mvua, mpaka maneno yakamwishia kinywani na akatazama chini, pale pale ambapo mimi nilitazama mwaka mzima uliopita. Nilitaka apaone vizuri.

Kisha nikasimama. Nilifungua kitenge, nikauweka msokoto mbele ya bibi, nikaenda kuchukua kinu cha kambo. Nilikata, nikakausha kwenye kigae kidogo tu, nikatwanga na majivu mbele ya macho yao.  Harufu ilikuwa ile ya asali ya zamani. Nilipompa bibi, nilisema maneno niliyoyaandaa mwaka mzima. Nilikuwa nimeandaa mengi. Yalitoka machache tu.

"Hii tuligeuza kila siku ya tatu. Mimi na kambo."

Alivuta mara moja. Chafya ilimtikisa mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka. Akapiga ya pili, ya tatu, ya nne, machozi yanamtoka, na watu wakapiga makofi na vigelegele. Nikatazama vidole vyangu. Sikuvificha.

Shamba na kibuyu cha mbegu nilipewa mimi. Wazee hawakujadiliana hata kidogo. Lakini bibi wa Kilwa, alipokuwa anangoja baiskeli ya kumrudisha ziwani, aliniita karibu.

"Ulikuwa nayo toka asubuhi," alisema.

"Ndiyo, kambo."

"Mwenzangu marehemu alisimama mulangoni akingoja kupokea, na wewe ulikuwa umemukalia."

"Ndiyo, kambo."

Baiskeli ikaja, nikamsaidia kupanda.  Neno lake liko kwangu hadi leo, silikatai. Lakini sijutii, na sitaandika kwamba najutia ili nipendeze.

Wiki mbili baadaye mjomba alikuja kwetu. Safari hii alibisha. Alisimama uani na kofia mkononi, akasema amefikiri, anataka kulima tumbaku yake mwenyewe nyuma ya nyumba, kidogo tu, na anaomba mbegu. Hakusema samahani. Alisema, "Mambo ya zamani tuyaache."

Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mbegu haikataliwe kwa ndugu." Ni kweli, kwetu haikataliwi. Hata kambo, aliyekataa kumsalimia mtu miaka kumi, alimpelekea mtu huyo mbegu.

Nikamwambia arudi kesho. Alipoondoka niliwasha moto, nikaweka kigae, na kigae kilipopata joto nilimimina juu yake mbegu kiganja kimoja. Nilizikoroga kwa kidole ili zife bila kuungua, zisibadilike rangi. Mbegu ya tumbaku ni vumbi, huwezi kujua kwa macho kama iko hai. Kesho yake nilimfungia kwenye karatasi vizuri, nikampa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Alishukuru.

Ametengeneza kitalu kizuri. Amekizungushia uzio wa matete na kukitandazia nyasi juu, na asubuhi na jioni hunipita kwenye njia ya kisimani akiwa na ndoo. Sasa ni yeye anayebeba maji.

Jana alisimama uani akasema hakuna kilichoota, akamwuliza mama kama udongo wake unaweza kuwa na ugonjwa. Mama akanigeukia, akasubiri niseme. Nilikuwa natunga majani ya machipukizi, yale madogo yanayotoka baada ya mavuno, na sindano nilikuwa nimeibana kwa meno. Sikuitoa.